Meya mpya ametajwa redioni: kambini watu wanauliza kazi yake ni gani

Ilikuwa saa mbili za usiku zimepita. Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, pembeni mwa mji mmoja wa jimbo la Ituri, redio ndogo ilikuwa juu ya bidoni ya njano na watu karibu ishirini wameizunguka. Betri zake zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Sauti kutoka Kinshasa ilikuwa inasoma amri za rais, moja baada ya nyingine: jina, cheo, mji, jina, cheo, mji. Halafu mji wao ukatajwa, na pamoja nao jina ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia. Mji ulikuwa umepata meya mpya.

Watu walinyamaza kidogo. Kisha kijana mmoja akauliza kutoka gizani: "Ni wa wapi?"

Kila mtu alielewa anachouliza. Katika Ituri swali hilo halihusu ramani. Linahusu kabila, lugha ya nyumbani, nani atalala vizuri na nani ataanza kufunga mizigo. Wengi wa kambi hiyo waliacha mashamba na makaburi ya wazazi wao kwa sababu siku moja mtu mwenye panga aliuliza swali hilo hilo njiani. Kwa hiyo hakuna aliyemlaumu kijana yule.

Ila Mwalimu alipunguza sauti ya redio. Ni baba wa miaka hamsini na kitu. Kijijini alifundisha darasa la tano, na sasa anafundisha watoto chini ya bashi, wakubwa asubuhi, wadogo mchana. "Kila wakijina mtu tunauliza ni wa wapi," alisema. "Tumeuliza mara ngapi? Na jibu limetusaidia nini? Safari hii tuulize kazi yake ni gani."

Mama mmoja alicheka, lakini bila furaha. Yeye alikuwa na sababu yake.

Mama huyo anauza sombe. Saa kumi na moja za asubuhi anatoka kambini na beseni tupu, ananunua mafungu kwa wakulima wanaoingia mjini, kisha anakaa kando ya barabara kubwa hadi jioni. Mtaji wake ulitoka kwenye likelemba ya wanawake kumi na wawili, zamu yake ilipofika. Muda uliopita, kiongozi mmoja wa mji alikuja kutembelea kambi. Alisimama juu ya meza, akasema akina mama wa kambi watapewa sehemu ya kuuzia nyuma ya ukuta wa soko, wasifukuzwe tena. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeandika kitu.

Miezi michache baadaye kiongozi yule alihamishwa. Siku moja walikuja vijana wa kusafisha barabara. Mama akawaambia, "Bwana meya alituruhusu." Mmoja wao akamwuliza, "Meya yupi?" Mama akataja jina. Kijana akasema, "Huyo hayuko tena," na beseni likapinduliwa. Sombe ilikanyagwa na pikipiki. Wiki mbili mama huyo hakuwa na mtaji, na zamu ya likelemba ilikuwa mbali.

Tangu siku ile anajua jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui: ahadi ya mdomo inaondoka katika gari moja na aliyeitoa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya masomo, Mwalimu alitoa kijitabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ni Katiba ya mwaka 2006. Alikibeba wakati wa kukimbia pamoja na cheti chake cha ualimu, na mke wake bado anamtania kwamba aliacha sufuria akaokoa karatasi. Wakubwa waliokuja kumsikiliza walikaa kwenye mawe ya wanafunzi.

Aliwaeleza kwamba kifungu cha 3 cha Katiba kinataja mji, komine, sekta na sheferi kuwa sehemu za nchi zinazopaswa kujiongoza zenyewe katika mambo yao. Halafu iko sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Kwa sheria hiyo, raia anapiga kura kuchagua washauri wa komine. Washauri wa komine wanachagua washauri wa mji. Washauri wa mji ndio wanaochagua meya na makamu wake. Meya anasimamia pesa za mji kwa bajeti iliyopitishwa na washauri, anatekeleza yale waliyoamua, na wao wana haki ya kumwuliza maswali.

"Basi ngazi iko," alisema Mwalimu. "Ila haijasimikwa yote."

Ndivyo ilivyo. Kura za washauri wa komine zilipigwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii tarehe 20 Desemba 2023, tena katika baadhi tu ya komine. Mameya wameendelea kutajwa kwa amri kutoka Kinshasa. Na katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, tangu tarehe 6 Mei 2021, kuna utawala wa dharura wa kijeshi, ule ambao watu wanauita état de siège: wanajeshi na polisi waliwekwa mahali pa liwali, mameya na viongozi wa teritwari. Siku hizo watu wengi walifurahi, wakitumaini kwamba mwenye bunduki ya serikali atamaliza mwenye bunduki ya porini. Walio bado chini ya mabashi wanaweza kupima wenyewe kama tumaini hilo limetimia.

Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma akisafisha jino kwa kijiti, aliomba neno. Yeye alikuwa mtoto Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kwa kuwa baba yake alifanya kazi huko. Alikumbuka Desemba ya mwaka 1958, baba yake alipovaa shati jeupe kwenda kupiga kura ya komine. Mwaka mmoja kabla, Wabelgiji walikuwa wameanza na Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Ndipo Joseph Kasa-Vubu alipokuwa burugumesta wa komine ya Dendale kabla hajawa rais wa kwanza wa nchi. Mwaka 1958 zamu ikafika Stanleyville, Bukavu, Luluabourg na Coquilhatville.

"Wanaume peke yao," alisema mzee. "Mama yangu alibaki nyumbani. Na mkubwa wa mji wote alibaki Mbelgiji. Sisi tulipewa komine, mji walibaki nao wenyewe." Akanyamaza, akaendelea: "Mimi ni mzee sasa. Sijawahi kuulizwa ninataka nani aongoze mji. Hata siku moja."

Mama wa sombe akamgeukia. "Basi, mzee, unatuambia tuache?"

"Nawaambia msingoje muulizwe."

Hapo ndipo wazo la barua lilipotoka. Mwalimu aliwasomea kifungu cha 27. Kinasema kwamba Mkongomani yeyote, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka ya serikali maombi yake, na kwamba mamlaka hiyo inajibu katika miezi mitatu. Kinasema pia kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa kuwa amefanya hivyo. Mwalimu alisoma sehemu hiyo mara mbili, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu waangaliane.

Kijana aliyeuliza "ni wa wapi" usiku ule hakuamini. "Mwalimu, hii ni wakati wa jeshi. Barua ni karatasi."

"Na beseni la mama lilipinduliwa kwa kukosa karatasi," alijibu Mwalimu.

Kuandika hakukuwa kazi ngumu. Ngumu ilikuwa kuweka majina. Katika jimbo ambalo jina la mtu linaweza kuonyesha kabila lake, orodha ya majina ya kambi si kitu cha kuacha mezani kwa mtu usiyemjua. Mama mmoja alisema wazi kwamba mume wake aliuawa baada ya watu kusoma orodha. Hakuna aliyetaka kumbishia. Walikaa siku nzima kwenye jambo hilo moja. Mwishowe watu watano walikubali kuandika majina yao kamili kwa hiari: Mwalimu, mama wa sombe, mzee wa Stanleyville, na wawili wa kamati ya kambi. Wengine wote waliweka dole gumba kando ya namba ya kibanda chao, bila jina. Kama kuna hatari, walisema, ichukuliwe na waliokubali kuichukua.

Jambo la pili lililowashangaza lilitoka nje ya kambi. Chifu wa mtaa unaopakana nao alisikia habari ya barua, akaja akiwa na uso wa kukasirika. "Ninyi ni wageni hapa," alisema. "Wenyeji wangu wenyewe hawana nafasi sokoni. Mtawaandikia wakubwa mpate nafasi kabla yao?"

Neno hilo liliuma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Wakati familia za kwanza zilipofika, wenyeji wa mtaa huo ndio waliofungua milango. Walilala watu kumi na tano katika nyumba ya vyumba viwili. Walitoa mihogo, walitoa nguo, walitoa maji kabla shirika lolote halijaleta bashi hata moja. Miaka ikapita, na mtu anayesaidia naye anachoka.

Mzee ndiye aliyemjibu. "Bwana chifu, tunawashukuru, na hatutasahau. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaomba jembe."

Chifu alicheka, akakaa. Na alipokaa ikajulikana kwamba yeye pia ana malalamiko yake. Mfereji unaotoka barabara kubwa umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia kwanza katika nyumba za mtaa wake, kisha yanateremka kambini. Alikuwa amemweleza kiongozi mmoja, akaja mwingine, akamweleza, akaja mwingine. Kila mara alianza upya. Hata yeye, mwenyeji mwenye cheo na kofia, hajawahi kumpigia kura meya. Anasikia jina redioni kama mkimbizi anavyolisikia.

Barua ikaandikwa upya, safari hii kwa jina la mtaa na kambi pamoja. Mwalimu aliiandika kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi na kwa Kiswahili kwa ajili ya waliotia dole, kila neno likasomwa kwa sauti. Haikumsifu mtu wala kumlaani. Ilikuwa na mambo sita.

La kwanza, mahali panapojulikana na saa zinazojulikana za kuuzia vitu vidogo, kwa wanawake wa mtaa na wa kambi pamoja, kwa maandishi. La pili, kila anayelipa kodi ya soko apewe jetoni au risiti, na asiyekuwa na risiti asidai pesa. La tatu, mfereji. La nne, mahali pa kuzika, kwa sababu familia za kambi zimekuwa zikiomba kona ya shamba la mtu kila msiba unapotokea. La tano, siku moja ya mwezi ambapo meya au mtu wake atasikiliza watu bila kupitia kwa mjomba wala rafiki. La sita lilitoka kwa mama wa sombe: kila meya anayeondoka amwachie anayeingia orodha ya ahadi zote alizotoa, iliyotiwa saini na wote wawili siku ya makabidhiano.

"Kama mtu akiachia mwenzake kiti, magari na funguo," alisema, "aachie na maneno yake."

Ukitazama vizuri, hiyo barua ilikuwa tangazo la kazi. Mahali pengine mji unapotafuta mkubwa wa kuuongoza, kwanza wanaandika kazi yenyewe ni ipi, kisha wanatafuta mtu anayeiweza. Hapa mtu anakuja kwanza, na kazi yake inaelezwa baadaye na yeyote aliye karibu naye: mfanyabiashara, mkubwa wa kabila, mwenye deni la kudai. Watu wa mtaa na kambi hawakuweza kuchagua mtu. Lakini waliweza kuandika kazi. Na kazi ikishaandikwa, mtu anaweza kupimwa nayo, awe anatoka kaskazini au kusini, awe na sare au bila sare.

Watu watatu waliipeleka: Mwalimu, mama wa sombe na chifu wa mtaa, ambaye alivaa koti lake la sherehe. Meya mpya alikuwa hajafika. Wa zamani alikuwa anafunga masanduku. Karani wa mapokezi aliwaambia kwa upole warudi baada ya wiki mbili. "Wa zamani anaondoka, wa mpya hajaja. Mtampa nani?"

Mwalimu alikuwa amengoja swali hilo. "Dada, hatumpi wa zamani wala wa mpya. Tunaipa ofisi. Ofisi haijahama."

Karani alimwangalia, akamwangalia chifu na koti lake, akavuta daftari kubwa la barua zinazoingia. Aliandika tarehe na namba. Kisha akagonga muhuri mara mbili, moja kwenye barua, moja kwenye kopi waliyobaki nayo. Mama wa sombe hasomi vizuri, lakini njia nzima ya kurudi yeye ndiye aliyebeba kopi hiyo, imekunjwa ndani ya kitenge.

Meya mpya aliingia na mapikipiki yakimsindikiza, kama kawaida. Wiki tatu baadaye walirudi wale watatu. Kwenye ofisi ya katibu kulikuwa na sura mpya, na jibu lilikuwa lile lile: hakuna barua yoyote ya kambi iliyoonekana kwenye mafaili. Zamani mazungumzo yangeishia hapo. Safari hii mama alifungua kitenge, akaweka kopi juu ya meza, na Mwalimu akaonyesha namba kwa kidole. Katibu akaita daftari. Namba ilikuwamo, na tarehe ilikuwamo. Barua yenyewe ilipatikana chini ya rundo la bahasha za pongezi kwa meya mpya.

Katibu aliisoma yote akiwa amesimama. Alipomaliza aliuliza swali moja tu: "Mtaa na kambi mmeandika pamoja?" Chifu akajibu, "Maji yanapita kwetu sote." Wakapewa siku ya kurudi, Alhamisi ya wiki inayofuata, ikaandikwa na kutiwa saini.

Alhamisi hiyo walizungumza na makamu kwa muda usiofika nusu saa. Kuhusu mfereji, mtu alitumwa kwenda kupima. Kuhusu risiti, walikubaliwa. Kuhusu sehemu ya kuuzia, waliambiwa ofisi inatafuta kiwanja. Kuhusu makaburi na orodha ya ahadi, hawakupata jibu lolote. Mwalimu aliandika kila kitu katika daftari la shule, akaacha mistari mitupu kwenye yale mambo mawili.

Mama wa sombe bado anauzia kando ya barabara. Bado anageuka kila anaposikia pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake. Hakuna anayeweza kusema kwamba kesho beseni lake halitapinduliwa tena. Lakini ukutani mwa darasa la bashi watoto wameandika kwa chaki tarehe miezi mitatu inapotimia, na kila asubuhi mmoja wao anahesabu siku zilizobaki kabla ya kuanza hesabu za kitabuni.

Watu wa kambi nyingine wameanza kuja kwa Mwalimu kumwuliza walifanyaje. Anawaambia mambo machache tu. Andikeni pamoja na wenyeji. Fikirini vizuri nani aandike jina lake na nani asiandike. Tengenezeni kopi mbili. Msiondoke bila tarehe, namba na muhuri. Na kopi msiifiche kwa mkubwa, mpeni mtu ambaye jambo hilo linamuuma zaidi.

Kwao, kopi hiyo iko ndani ya mkebe wa maziwa, chini ya kitanda cha mama wa sombe, pamoja na pesa za likelemba.